Injini Isiyo na Kitabu: Taimingi ya Pikapu Kuukuu Kando ya Ziwa

Leo nazungumza na wenye pikapu za petroli za zamani, pamoja na mafundi wanaozifanya ziendelee kutembea. Dai langu ni moja. Pikapu ambayo injini yake imebadilishwa haina tena kitabu cha mtengenezaji, na mwenyewe hana budi kuiandikia kitabu kipya. Nitalieleza hilo kupitia taimingi ya moto, kwa sababu hapo ndipo injini nyingi nzuri za huku kwetu, kutoka Migori hadi ukingoni mwa ziwa pale Homa Bay, zinapouawa, polepole, na wenyewe wasijue.

Tuchukue Peugeot 504 kama mfano. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa gari hili ni lipi. Liliunganishwa Mombasa, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, na sifa yake ilijengwa mashambani na mashindanoni vilevile. Kabla yake, 404 ilikuwa imeshinda Safari Rally mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Kisha 504 yenyewe ikatwaa ushindi mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 ya mwili wa kupé. Pikapu yake ndiyo iliyobeba watu, magunia na karai za omena katika barabara za Nyanza ya Kusini kwa miaka mingi. Kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika mwaka 2004, zikidai mikanda na vidhibiti mwendo, enzi ya matatu za pikapu ilifika ukingoni. Zilizobaki zikawa za mizigo: samaki, miwa ya mbegu, mbao, matofali.

Sasa fungua boneti ya mojawapo ya hizo zilizobaki. Hedi imekwanguliwa zaidi ya mara moja, kwa kuwa iliwahi kuchemka ikapinda. Kabureta si ile iliyotoka nayo kiwandani. Ni Weber, au ni ya Toyota iliyofungwa kwa bamba la kuchonga. Kemishafti imesagwa upya na mtu aliyetaka nguvu zaidi. Bomba la moshi limepanuliwa. Ndani ya distribyuta, springi moja ni ya asili na nyingine imetoka kwenye gari jingine kabisa. Halafu anakuja fundi, anatafuta nambari iliyoandikwa kitabuni miaka hamsini iliyopita, anaiweka, anafunga boneti. Nambari ile iliandikiwa injini ambayo haipo tena.

Ili tuelewane, nieleze kazi yenyewe. Petroli ndani ya silinda hailipuki papo hapo. Plagi inatoa cheche, moto unaanzia pale na kusambaa, na kusambaa huko kunachukua muda, sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini ni muda. Tunachotaka ni msukumo mkubwa kabisa uifikie pistoni muda mfupi baada ya kupita kilele chake, kama digrii 12 hadi 15 hivi za mzunguko wa krankishafti. Mtu yeyote aliyewahi kupandisha mlima kwa baiskeli yenye mzigo analijua hili miguuni: ukikanyaga pedali kabla haijapita juu, unapigana na baiskeli yako mwenyewe, ukikanyaga ikishapita kidogo, uzito wako wote unakwenda kwenye gurudumu, ukichelewa, pedali imeshashuka na nguvu zako zimepotea.

Kwa kuwa moto unahitaji muda, cheche lazima itangulie. Na kadiri injini inavyokimbia, ndivyo inavyobidi kutangulia zaidi. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, krankishafti inasogea chini ya digrii 5 katika elfu moja ya sekunde. Ikizunguka mara 3,000, katika muda uleule inasogea digrii 18. Ndiyo maana ndani ya distribyuta mna vizito viwili vidogo vilivyoshikwa na springi. Mwendo ukipanda vinatanuka kwenda nje na kuiwahisha cheche. Pembeni pana kile kikombe cha vakyumu, ambacho huongeza digrii nyingine gari likiwa linatembea kwa mguu mwepesi, kwa sababu wakati huo mchanganyiko silindani ni mwembamba na unaungua taratibu.

Cheche ikichelewa mno, gari linakuwa zito, linakunywa petroli, bomba la moshi linapata joto kali, na rejeta inachemka barabara inapopanda kutoka ziwani kuelekea Rodi Kopany. Mwenye gari anabadilisha thamostati, anabadilisha pampu ya maji, anaosha rejeta, kumbe ugonjwa uko kwenye distribyuta. Cheche ikiwahi mno, ni hatari kubwa zaidi. Moto unaanza mapema, shinikizo linapanda wakati pistoni bado inapanda, na ile petroli iliyobaki kwenye kona za chumba inajiwasha yenyewe kwa mshindo. Hiyo ndiyo sauti ambayo mafundi wanaiita kunoki. Injini ya zamani inaweza kuivumilia mara moja moja. Ikiwa kila siku, pistoni inatoboka, ringi zinavunjika pahali pake, gasketi ya hedi inaungua.

Sauti hiyo watu huichanganya na mlio wa tapeti. Namna ya kuzitofautisha ni kusikiliza mguu wako. Tapeti hulia hata gari likiwa limesimama, na hulia kwa mpigo wa mwendo wa injini tu. Kunoki huja ukikanyaga, gari likiwa na mzigo na gia ikiwa ya juu kuliko inavyostahili, kama njugu zinazotikiswa ndani ya kopo. Ukiinua mguu, inanyamaza mara moja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi ninaowaheshimu sana. Desturi ya kwetu ni kuliacha gari lingurume bila mzigo, kulegeza nati ya distribyuta, na kuizungusha taratibu hadi injini iimbe vizuri, kisha kurudisha nyuma kidogo na kukaza. Masikio ya watu hawa ni hazina. Nimeona fundi akitambua kwa sikio tu silinda gani haina moto. Lakini sikio linasikia kinachotokea hapo gereji, injini ikiwa imepumzika. Halisikii kitakachotokea kwenye mzunguko wa 3,500, madirisha yakiwa wazi, mzigo wa tani moja nyuma, upepo ukivuma. Kule juu kunoki hufunikwa na kelele nyingine zote, na ndiko inakoua. Injini iliyobadilishwa, hasa yenye kemishafti ya kuongeza nguvu, hupenda digrii nyingi ikiwa katika mngurumo wa chini. Ukiifurahisha pale chini kwa sikio, bila kujua umeipeleka mbali mno kule juu.

Tufanye hesabu, na aliye na kalamu aichukue. Tuseme distribyuta yako ina uwezo wa kuongeza digrii 24 kwa vile vizito. Ukianza na digrii 10 kabla ya kilele injini ikinguruma, ukifika mwendo wa juu una 34. Injini nyingi za petroli za zamani hupata nguvu zao zote mahali fulani kati ya 30 na 36, kwa hiyo uko salama. Sasa fundi amezungusha hadi injini imeimba vizuri, na kumbe ameiweka 16. Kule juu una 40. Hakuna aliyeipima, hakuna aliyeisikia, na baada ya miezi michache unaletewa pistoni yenye tundu mkononi.

Njia sahihi, kwa maoni yangu, ni kuanzia juu. Weka kwanza ile jumla, injini ikizunguka 3,000 au zaidi, halafu uone kule chini imebakia ngapi. Ikiwa injini inataka digrii 16 chini na 34 juu, basi vizito vinapaswa kuongeza 18 tu, wala si 24. Unafungua distribyuta na kufupisha ule mwanya unaozuia vizito, kwa kujaza chuma kidogo na kupiga tupa kwa subira. Kumbuka distribyuta huzunguka nusu ya mwendo wa krankishafti, kwa hiyo digrii 9 ndani yake ni digrii 18 za injini. Kwenye Land Rover za zamani zenye distribyuta ya Lucas, nambari hiyo ya ndani huwa imegongwa kwenye bamba lenyewe. Ukiifungua, isome kabla hujagusa chochote.

Kabla ya yote hayo, lakini, lazima ujue kilele cha kweli kiko wapi. Alama za kiwandani usiziamini mpaka uzihakikishe. Puli inaweza kuwa imebadilishwa, au ule mpira wake umeteleza. Na kila gari lina tabia yake. Land Cruiser yenye injini ya 2F haina alama mbele. Unachungulia kidirisha cha flaiwili, na kijigololi kilichopachikwa pale ni digrii 7 kabla ya kilele. Kwa Peugeot 504, silinda nambari moja iko upande wa flaiwili, kinyume na Toyota na Nissan ambazo mafundi vijana wamezizoea. Mpangilio wa moto ni uleule, 1-3-4-2, na silinda ya kwanza na ya nne hufika juu pamoja. Anayesoma kitabu huku akihesabu kutoka kwenye rejeta hujikuta amepeleka moto kwenye silinda ambayo vali zake ziko wazi, na gari linamtemea moto kupitia kabureta. Weka kidole kwenye tundu la plagi, mtu azungushe injini taratibu, na silinda inayokusukuma kidole ndiyo inayobana.

Kilele chenyewe kitafute hivi. Chukua plagi mbovu, toa kauri yake, funga ndani yake bolti yenye ncha ya mviringo ili isiikwaruze pistoni. Toa plagi zote, ondoa waya wa betri, kisha ufunge kizuizi hicho. Zungusha injini kwa spana, kwa mkono, usitumie stata kabisa, hadi pistoni iguse. Weka alama kwenye puli. Zungusha kinyume hadi iguse tena, weka alama ya pili. Katikati kabisa ya alama hizo mbili ndipo kilele kilipo, na hapo hakuna ubishi.

Sasa pima puli. Ikiwa kipenyo chake ni milimita 150, mzingo wake ni milimita 471. Gawanya kwa 360: kila digrii ni milimita 1.3. Kwa hiyo digrii 10 ni milimita 13, na digrii 34 ni milimita 44 na nusu. Kata kipande cha karatasi ngumu kwa vipimo hivyo, kizungushie puli, hamisha alama kwa rangi nyeupe ya kucha. Ukishafanya hivyo, taa ya taimingi ya kawaida kabisa inakusomea kila kitu. Chomoa mpira wa vakyumu na uuzibe kabla ya kupima, la sivyo unapima mambo mawili kwa mpigo mmoja.

Na kontakti, zile zinazofunguka ndani ya distribyuta ili cheche itoke, zirekebishwe kwanza, taimingi baadaye. Mwanya ukipanuka, kontakti zinafunguka mapema na cheche inawahi. Ukipungua, cheche inachelewa. Anayeweka taimingi halafu akagusa kontakti amejipotezea kazi yote. Kama huna taa siku hiyo, balbu ya indiketa yenye waya mbili inatosha kukuanzishia gari: waya mmoja kwenye terminali ya distribyuta, mwingine kwenye bodi, swichi ikiwa imewashwa. Balbu ikiwaka, kontakti zimefunguka, na hapo ndipo cheche ingetoka. Lakini hiyo ni ya kuliwezesha gari kuwaka na kutembea hadi gereji. Jumla ya kule juu balbu haiwezi kukuonyesha.

Labda msikilizaji mmoja anauliza: kwani kitabu si kiliandikwa na wahandisi? Ndiyo, na walikifanya vizuri. Lakini waliandikia hewa nyingine na mafuta mengine. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hapo kanieneo ya hewa ni kama asilimia 87 ya ile ya Mombasa, na Migori mjini ni juu zaidi. Silinda inajaa hewa kidogo, moto unasambaa taratibu, na injini ya kawaida huweza kuvumilia digrii chache za ziada. Ndiyo sababu gari lililotengenezwa Kisii, penye mita kama 1,700, likatembea vizuri hadi Homa Bay, linaweza kuanza kunoki likishuka na mzigo hadi Mombasa. Anayesafiri namna hiyo na azipunguze digrii hizo.

Hedi iliyokwanguliwa inageuza hesabu hiyo. Silinda ya 504 ya lita 1.8 ina sentimita za ujazo 449. Tuseme uwiano wake wa kubana ulikuwa 8 kwa 1. Chumba cha moto basi kilikuwa kama sentimita 64. Ondoa sentimita 5 tu kwa kukwangua, na uwiano unapanda hadi 8.6. Mchanganyiko uliobanwa zaidi huungua haraka na hujiwasha upesi, kwa hiyo zile digrii ulizopewa zawadi na mwinuko umezirudisha, pengine na riba.

Mafuta nayo yamebadilika. Gari hili lilizaliwa wakati petroli ilikuwa na risasi, ile dawa ya kuzuia kunoki iliyogunduliwa mwaka 1921 katika maabara za General Motors na Thomas Midgley. Ilikuwa sumu, hasa kwa watoto, na kuondolewa kwake Kenya mwanzoni mwa mwaka 2006 kulikuwa jambo jema kabisa. Miaka ya 1980 tulikuwa hata na petroli iliyochanganywa na spiriti ya miwa kutoka Muhoroni, nayo ikaja ikaisha. Ulikuwepo pia uchaguzi wa regular na super. Leo pampu inakupa super. Hiyo yenyewe ni nzuri. Ninachokichukia ni uchakachuaji. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli, uwezo wake wa kuhimili kubanwa unashuka, na injini iliyowekwa vizuri Jumatatu inanoki Alhamisi. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya mchezo huo. Tozo hiyo iliwaumiza wanaopikia na kuwashia taa, na hilo lisisahaulike. Kwa mwenye pikapu, ushauri wangu ni kununua kituo kilekile unachokiamini, na gari likianza kunoki ghafla mara tu baada ya kujaza tangi, shuku mafuta kabla ya kumshuku fundi.

Ukishapima gereji, nenda barabarani. Chagua mlima mmoja na usiubadilishe. Nenda mchana, saa nane, joto la ziwani likiwa kali, kwa sababu hewa ya moto ndiyo inayoleta kunoki. Ukijaribu alfajiri unajidanganya. Pakia mzigo ule unaobeba siku za kazi. Panda kwa gia ya tatu, kanyaga hadi chini, dirisha likiwa wazi, upite karibu na ukuta au ukingo wa barabara ulioinuka, unaorudisha sauti. Ukisikia chochote, punguza digrii 2 na urudie. Usipokisikia, usiongeze kwa tamaa. Toa plagi uzitazame. Ukiona vidoa vidogo vinavyong'aa kwenye kauri nyeupe, hiyo ni metali ya pistoni iliyoyeyuka. Hapo punguza digrii 4 bila kujadiliana na mtu.

Na hapo ndipo kitabu kinapoanza kuandikwa. Nunua daftari la kurasa chache, liweke kwenye mfuko wa nailoni ndani ya dashibodi. Andika tarehe na kilomita. Andika hedi imekwanguliwa mara ngapi na kiasi gani, kabureta ni ya gari gani na jeti zake ni za namba gani. Andika digrii kwenye mzunguko wa 800, wa 1,500, wa 2,500 na wa 3,500, mpira wa vakyumu ukiwa umechomolewa. Andika mwanya wa kontakti na rangi ya springi zilizo ndani. Andika mlima uliojaribia, mzigo uliobeba, na kituo ulichonunua mafuta. Fundi atakayekuja baadaye, awe wa Migori, wa Oyugis au wa Sirari ng'ambo ya mpaka, atakushukuru, na hatakuwa na haja ya kubahatisha kwa pesa zako.

Mambo mawili zaidi kabla sijawaachia muziki. Kama umeondoa kontakti na kufunga moduli ya elektroniki, umefanya vyema, lakini vizito na springi bado ni vilevile vya zamani, moduli haivitengenezi. Shika rota kwa vidole uizungushe kidogo kisha uiachie: irudi yenyewe, kwa wepesi. Isiporudi, vizito vimekwama kwa kutu na grisi iliyokauka, na digrii zako hazitabadilika ipasavyo hata ukiwa na moduli mpya kabisa. Isukume pia rota kushoto na kulia. Ikicheza, bushi ya distribyuta imekwisha, na cheche itarukaruka digrii kadhaa kila mzunguko. Ichongwe bushi mpya kwenye lathe kabla ya kupima lolote.

Wale waliobaki na kontakti, kumbukeni kile kisigino cha plastiki kinachosugua kwenye kemu ya distribyuta. Kinalika kidogo kidogo, mwanya unapungua, na taimingi inachelewa bila mtu kugusa kitu. Weka tone la grisi kwenye kemu, tone dogo tu lisirukie kontakti, na kila kilomita 5,000 pima mwanya, washa taa, uandike ulichokiona.